Bibi wa Pau Anaondoka Mezani

Ijumaa, tarehe 30 Mei 2025, Bi. Yunis Mntangi anastaafu baada ya kuitumikia Karakana ya Uchapaji Kinyonga, hapa Lushoto, kwa miaka thelathini na mitatu na karibu miezi mitatu. Aliajiriwa tarehe 4 Machi 1992. Tangu siku hiyo amefanya kazi chini ya wakurugenzi watatu, ameshuhudia mashine mbili zikizeeka hadi kuuzwa kama chuma chakavu, na amekosea mara moja.

Wasifu huu unalieleza kosa hilo kwa kirefu kuliko mafanikio. Mwenyewe ameridhia. Alipoulizwa kama angependa liachwe, alijibu kwamba likiondolewa itabaki orodha ya tarehe, na tarehe zimo tayari kwenye faili lake.

Mama Edgar, kama sote tunavyomwita, alizaliwa mwaka 1965 Mponde, katika familia ya wakulima wadogo wa chai. Alianza kuchuma akiwa na miaka saba: majani mawili na chipukizi, si zaidi. Anaamini mikono yake ilipata elimu yote huko, na kwamba shule iliongeza kusoma tu. Alihamia Lushoto alipoolewa, na siku alipokuja kuomba kazi hakuwa na cheti cha ufundi wowote. Mkurugenzi wa wakati ule alimpa karatasi mia moja azikunje. Alirudisha tisini na tisa zilizokunjwa na moja iliyonyooka, akasema hiyo moja ina doa la wino na haifai kupelekwa kwa mteja. Aliambiwa aanze kesho yake.

Kwa zaidi ya miaka ishirini kazi ilikuwa ile ya karakana yoyote ya mji mdogo: vitabu vya risiti, kadi za harusi, ratiba za ibada, lebo za asali na jamu. Mama Edgar alikunja, alipiga pini, alihesabu. Huhesabu kwa Kishambaa, kimoyomoyo, midomo ikicheza kidogo, na mtu akimwamkia katikati ya hesabu hapati marahaba mpaka kumi itimie. Wageni wengi wamemdhania ana maringo. Wenyeji wamejifunza kusubiri.

Mwaka 2014 mkurugenzi wetu wa sasa, Bi. Mwanahawa Hoza, alileta wazo ambalo wafanyakazi wengi waliliona la kupotea njia: karata. Hazikuwa karata za dukani. Ni seti zinazochorwa na msanii, karata kwa karata, zikachapwa kwa idadi maalumu, kila seti ikapewa namba na boksi lake kufungwa kwa lakiri ya karatasi. Msanii aliyepatikana alikuwa Alen Singano wa Shume, ambaye hadi hapo alijulikana kwa vibao vya maduka ya pembejeo. Seti yake ya kwanza ilikuwa ya ndege wa misitu yetu. Ilinunuliwa na wakusanyaji, wengi wao wa nchi za mbali, na kilichotushangaza ni kwamba hawazichezi. Wengi hawazifungui kabisa. Huziweka kabatini zikiwa na lakiri zake, wakatosheka kujua kilichomo ndani.

Kwa Mama Edgar habari hiyo ilikuwa nafuu kubwa. Ni Mlutheri wa kulelewa, mwimbaji wa sauti ya pili, na wakati huo alikuwa mwenyekiti wa kina mama katika usharika wake. Nyumbani kwao karata na kamari vilikuwa kitu kimoja. Hajawahi kushika karata kwa ajili ya kucheza, na hadi leo anajua sheria moja tu ya mchezo huo, ambayo itaelezwa ilivyomfikia. Aliikubali kazi kwa hoja aliyoitunga mwenyewe, kwamba karata isiyofunguliwa si kamari, ni picha tu. Hoja hiyo ilimtosha kwa miaka saba.

Kazi yake ilikuwa kupanga seti. Kila karatasi kubwa inayotoka mashineni hubeba karata hamsini na nne: hamsini na mbili za kawaida pamoja na jokari mbili, ambazo kwetu ni vinyonga. Selemani Kaniki, fundi wetu wa mashine ya kukata, huzikata, kisha zinawekwa kwenye meza ndefu katika marundo hamsini na manne, rundo moja kwa kila karata, uso ukitazama juu ili jicho lione kile mkono unachochukua. Mama Edgar huizunguka meza akichukua moja moja. Mzunguko mmoja ni seti moja. Kwa kuwa marundo yote huanza sawa, ni lazima yaishe sawa. Mwisho wa kazi hupitisha kiganja juu ya meza yote, kutoka pembe hadi pembe. Hatuna hakikisho lingine zaidi ya hilo. Meza ikiwa tupu, kila seti imetimia.

Amepanga hivyo zaidi ya seti elfu arobaini. Selemani, ambaye hupenda hesabu zisizomhusu, alipima meza na kutangaza wakati wa chai kwamba Mama Edgar ameshatembea kwa miguu hadi Dar es Salaam na sasa yuko njiani kurudi, karibu na Mkata. Mama Edgar alimuuliza kama huko Mkata ameshapata chakula. Selemani alisema bado. Mama Edgar aliagiza basi aletewe andazi la pili, kwa gharama ya aliyemtembeza.

Mwaka 2021 ilikuja oda ya seti mia tano kutoka kwa chama cha wakusanyaji cha ng'ambo. Ilikuwa oda kubwa kuliko zote tulizowahi kupata, na ilikuja baada ya mwaka mgumu ambao wafanyakazi wanne walikuwa wamepumzishwa. Wateja walitaka karatasi ya aina maalumu, ambayo iliagizwa ya kutosha kazi hiyo na si zaidi. Seti iliitwa Watu wa Milimani. Safari hii wafalme, mabibi na maghulamu walipewa nyuso za watu wa kwetu. Mfalme wa Uru alikuwa muuza viazi wa Shume. Ghulamu wa Kopa alikuwa fundi baiskeli wa pale stendi, ambaye aliombwa ruhusa na akaomba apunguzwe kitambi.

Kwa upande wa Pau, Alen aliona jambo ambalo likishaonwa haliwezi kusahaulika: alama ya pau, ile yenye vichwa vitatu kwenye kikonyo kimoja, inafanana na majani mawili na chipukizi la chai. Akaichora hivyo. Na Bibi wa Pau, yule ambaye vijana siku hizi humwita malkia, akampa uso wa mtu pekee wa Mponde aliyemfahamu vizuri. Miwani iko na kamba yake. Kitambaa cha kichwa kimefungwa kama anavyokifunga. Hata midomo imechorwa ikiwa katikati ya hesabu.

Wengine wote waliombwa ruhusa. Yeye hakuombwa, kwa sababu Alen alikusudia iwe zawadi ya kushtukiza. Mama Edgar alijiona kwa mara ya kwanza asubuhi ya Jumatatu, marundo yalipowekwa mezani, akiwa katika nakala mia tano.

Hakupandisha sauti. Alimwita Alen na kumwambia, "Umeniweka kwenye karata bila kuniuliza." Alen alieleza alichokusudia, kisha akaeleza tena. Bi. Mwanahawa aliitwa. Alisema wazi kwamba karatasi imekwisha, kwamba mzigo unatakiwa kuondoka Ijumaa, na kwamba hata hivyo uso ni wa mwenyewe: Mama Edgar akikataa, oda itarudishwa. Alisema hivyo mbele yetu sote, na kila aliyekuwepo alijua maana yake kwa mishahara. Mama Edgar alitoka nje. Alikaa kwenye ngazi kwa muda wa chai nzima bila kunywa chai. Aliporudi alisema kazi ianze.

Aliweka sharti moja. Marundo hamsini na matatu yalitazama juu kama kawaida. Rundo la Bibi wa Pau lilisogezwa pembeni kabisa mwa meza na kugeuzwa kifudifudi.

Yafaa kueleza alichokuwa anakiogopa, kwa kuwa hakukuwa na siri. Hakuogopa kuchekwa. Aliogopa kwamba kina mama aliowaongoza katika maombi wangesikia kuwa uso wa mwenyekiti wao uko kwenye karata, na kwamba wangekuwa na haki ya kuuliza. Kati ya Jumatatu na Alhamisi alijichukua mwenyewe mara moja katika kila mzunguko, mgongo ukiwa juu, bila kutazama.

Jumatano, muda mfupi baada ya chai ya saa nne, Mwinjilisti Kristofa wa usharika wa Mama Edgar alikuja kuchukua ratiba za ibada ya mavuno. Hupitia mlango wa nyuma, kama watu wote wanaotufahamu, na mlango huo hufungukia chumba cha kupangia. Mama Edgar alimsikia akibisha. Akavua kanga aliyojitanda mabegani na kulifunika lile rundo la pembeni. Mwinjilisti aliamkiana na kila mtu, akaulizia hali ya mahindi ya Mponde, akasaini daftari, akaondoka na nusu ya ratiba kwa kuwa nusu nyingine ilikuwa haijakauka. Mama Edgar alirudi kazini. Mzunguko uliofuata kanga ilikuwa bado mahali pake, na mkono ulipita juu yake; uliofuata aliiondoa, asijue kwamba amejiruka.

Mwandishi wa maneno haya, ambaye wakati huo alikuwa na miezi miwili kazini na shahada moja, ndiye aliyekuwa akitia seti kwenye maboksi na kubandika lakiri. Seti yenye upungufu wa karata moja ilipita mikononi mwake bila yeye kuhisi chochote.

Alhamisi jioni seti ya mia tano ilifungwa. Wengine walikuwa nje wakipanga makasha. Mama Edgar alipitisha kiganja mezani na kikasimama kwenye pembe. Karata moja ilikuwa imebaki, kifudifudi. Hakuhitaji kuigeuza, lakini aliigeuza.

Ingekuwa rahisi kuitia mfukoni. Maboksi yote yalikuwa na lakiri, wateja hawafungui, na shahidi alikuwa mmoja, mgeni kazini, ambaye asingejua aseme nini. Zaidi ya hayo, seti moja duniani ingebaki haina uso wake, na hakuna mtu aliyelitamani hilo kuliko yeye. Aliichukua ile karata kwa ncha za vidole, kama zinavyochukuliwa zote, akaenda ofisini kwa Bi. Mwanahawa na kusema, "Kuna seti moja imetoka bila mimi."

Usiku ule hakuna aliyefungua boksi. Lakiri za akiba zilikuwa mbili tu, na kuzipasua mia tano ili kutafuta karata moja kungekuwa sawa na kuiua oda. Asubuhi Mama Edgar alifika na jibu. Alikuwa ameipitia mizunguko yake akilini kwa mpangilio, na palikuwa na sehemu moja tu ambapo jicho na mkono viliachana. Daftari la ratiba lilionyesha Mwinjilisti alisaini saa nne na dakika thelathini na tano. Karatasi ya namba ilionyesha tulikwenda chai tukiwa tumefunga seti ya 308. Akasema tuanzie 309 na tusiende mbali.

Seti ya 309 ilikuwa kamili. Seti ya 310 ilikuwa kamili, na lakiri za akiba zikawa zimekwisha. Tulipofungua 311, Selemani alihesabu karata hamsini na tatu, akahesabu tena kwa sauti, kisha akavua kofia.

Zilikuwa bado zimetandazwa mezani, uso juu, pamoja na ile iliyobaki, Mwinjilisti Kristofa alipoingia kwa mlango wa nyuma kufuata nusu ya pili ya ratiba. Hakukuwa na wakati wa kanga. Alisogea, akainama, akaitazama karata moja kwa muda mrefu.

"Mama Edgar, huyu si wewe?"

Alen alifungua mdomo. Pengine angesema wanafanana tu. Mama Edgar alimtangulia.

"Ni mimi, Mwinjilisti. Juzi ulipoingia nilijifunika kwa kanga. Ndiyo maana leo tunapasua maboksi."

Mwinjilisti alichukua ratiba zake na kusaini. Alisema ataliombea jambo hilo, na kwamba itabidi alifikishe kwa wazee. Mama Edgar alisema anaelewa. Kisha alimuuliza kama ratiba safari hii zimekauka.

Mzigo uliondoka Ijumaa hiyo ukiwa na seti mia nne tisini na tisa na barua ya Bi. Mwanahawa iliyoeleza ukweli wote. Seti ya 311, yenye lakiri iliyopasuka, ilibaki. Wateja waliupokea mzigo na wametuletea oda tatu tangu hapo. Mmoja wao aliandika akiomba auziwe ile iliyopasuka, kwa maelezo kwamba wakusanyaji huthamini kosa kuliko ukamilifu. Mama Edgar alisomewa barua hiyo mara mbili na akasema kwamba kosa lake haliuzwi.

Wiki mbili baadaye aliitwa na baraza la wazee wa usharika. Aliomba aende na seti ya 311. Tunayoyajua kuhusu kikao hicho ametusimulia mwenyewe. Alizitandaza karata zote hamsini na nne juu ya meza ya vestri, chumba cha pembeni cha kanisa, kwa mpangilio, na kukiri kwamba hoja yake ya karata isiyofunguliwa haina nguvu tena, kwa kuwa iliyofunguliwa ameifungua yeye. Hakusema karata ni njema. Alisema kazi ilikuwa ya halali, aliifanya kwa nusu ya macho kwa sababu ya kuona haya, na haya hiyo ndiyo iliyomkosesha.

Waliuliza maswali. Mmoja alitaka kujua watu huzichezaje hata zikawa kamari. Mama Edgar alijibu kwamba hajui, ila anadhani wafalme huwala wengine kwa kuwa ndio wakubwa. Mzee mmoja aliyekaa mwisho wa benchi, ambaye jina lake Mama Edgar hajawahi kututajia, alisema kwa upole, "Hapana, mama. Saba humla mfalme."

Baraza lote lilimgeukia. Mzee aliangalia kofia yake. Mama Edgar, kwa hesabu yake mwenyewe, alifika sita kabla hajasema kwamba hilo halimshangazi, maana Mponde nako mwenye mizani ya kupimia majani alikuwa na nguvu kuliko meneja. Wa kwanza kucheka alikuwa Mwinjilisti Kristofa.

Hata hivyo uamuzi haukuwa wa mzaha. Alipumzishwa uenyekiti kwa miezi mitatu. Aliitumikia yote akiwa kwenye benchi la nyuma na hakuomba ipunguzwe. Baada ya hapo kina mama walipiga kura upya, na akarudi kwenye nafasi yake kwa kura zote isipokuwa tatu. Anazijua hizo tatu na anasema ni za haki.

Tangu mwaka huo hakuna rundo linalogeuzwa kifudifudi kwenye meza yetu. Mwinjilisti bado hupitia mlango wa nyuma na hakuna kinachofunikwa. Watu wa Milimani ilipochapwa kwa mara ya pili, Alen alijitolea kubadilisha uso wa Bibi wa Pau. Mama Edgar alimjibu kwamba angalau safari hii ameuliza, na kwamba aache ulivyo. Kila rundo hilo lilipoletwa mezani, Selemani aliiamkia karata ya juu, "Shikamoo, Mama Edgar," na aliyekuwa akihesabu aliitikia marahaba bila kuinua kichwa, baada ya kumi kutimia.

Kwa miaka minne iliyopita amemfundisha mwandishi wa wasifu huu kupanga seti. Njia yake ya kufundisha ni kutembea nyuma ya mwanafunzi akiwa kimya. Mwanafunzi huyu alifika na mazoea ya kufikiria mambo mengine mikono ikifanya kazi. Ilichukua muda kumtoa hayo, na Mama Edgar alitumia sentensi moja tu kwa kazi hiyo: "Kile usichotaka kukitazama, kitazame mara mbili." Hakuieleza, na haikuhitaji maelezo.

Anarudi Mponde, kwenye shamba la chai la wazazi wake, ambalo mwanawe Edgar amelipalilia upya. Ameomba asipewe saa ya ukutani. Kwa makubaliano ya wafanyakazi wote anakabidhiwa seti ya 311, na lakiri yake iliyopasuka. Ametuahidi kwamba haitachezwa. Ametuahidi pia kwamba itakaa wazi, juu ya kabati la sebuleni, mahali wageni wanapoona.

Jumatano ya wiki hii alipanga seti yake ya mwisho. Marundo yalishuka sawasawa, hamsini na manne, mpaka yakabaki ya karata moja moja, na akazunguka mara moja zaidi. Alifunga boksi. Akapitisha kiganja kutoka pembe hadi pembe, akachelewa kidogo kwenye ile ya mbali, kisha akasogea na kumwachia mrithi wake apitishe cha kwake.

Mama Edgar, tumeitazama mara mbili. Meza ni tupu. Asante kwa kila mzunguko. Nenda salama Mponde, chai ikuchipukie, na siku zako zitimie kama zilivyotimia seti zako.